Jina la Binti wa Raya

Hapo zamani, zamani ile ambayo simu zilishaingia mjini na akili bado iko njiani inakuja, palikuwa na mwari mmoja akiitwa Raya. Siku ya kufundwa aliingizwa chumba cha ndani na kungwi wake, Bi Msimu, mwanamke aliyefunda nusu ya wanawake wa mji na kuitia hofu nusu iliyobaki.

Bi Msimu akamwambia, "Mwanangu, mwanamke wa watu ni mkavu. Ukiona ute huko chini, huo ni uchafu. Shabu hii, jiwe la kukausha, jioshee. Chetezo hiki, jifukize. Na ya chumbani hayatoki chumbani. Umeapa?"

Raya akasema, "Nimeapa, somo."

Sasa sikilizeni. Raya alikuwa mzima. Ute wake ulikuwa mweupe, siku nyingine majimaji, katikati ya mwezi ukivutika kama ute wa yai. Haukuwasha, haukunuka vibaya. Mwili ulikuwa unajisafisha wenyewe bila kumwomba kungwi ruhusa. Lakini alijiosha kwa shabu, akajifukiza, akajitibu ugonjwa asiokuwa nao.

Akaolewa na Jabiri, mfanyabiashara wa vitambaa, kijana wa kanzu iliyonyooka na safari nyingi. Haukupita muda, ute ukabadilika. Ukawa wa manjano, kisha wa kijani, na harufu yake nzito. Akikojoa, anaungua.

Akaenda kwa Bi Msimu. "Somo, ute umebadilika rangi."

"Ongeza shabu."

Akarudi. "Somo, ute wenyewe unanuka."

"Ongeza udi."

Akarudi tena. "Somo, tumbo la chini linauma."

"Ongeza uvumilivu."

Akaongeza vyote. Nyumba ya Raya ikanukia udi mpaka njia ya sokoni, na majirani wakasema, "Mume wake amepata mke." Mume wake naye alipoambiwa, alitazama dari kwanza, halafu akajibu, "Hayo mambo ya wanawake, mke wangu. Muulize kungwi." Bwana Jabiri alikuwa na haraka, anakwenda kuswali na watu wamwone.

Jirani yao alikuwa Bi Chausiku, mwanamke mwenye mdomo usiojua mlango. Dirisha lake lilitazamana na la Raya, na yeye hakulifunga hata mvua ikinyesha. Alisikia kila kitu.

Basi kukawa na harusi mtaani. Raya akaenda, kwa sababu asingekwenda wangemsema. Akakaa upande mmoja wa kiti, mkono tumboni, anatetemeka kwa homa kwenye jua la adhuhuri. Wenzake wakamwambia amependeza. Bi Chausiku akamtazama mara moja tu, akasimama, akamnyang'anya mwimbaji kipaza sauti.

"Zimeni muziki. Raya anaumwa huko chini, anatoa uchafu wa kijani, ana homa. Ule udi mnaousifu ni wa kufunika harufu. Nani ana gari?"

Wengine wakacheka, wengine wakajifunika mitandio wacheke vizuri. Gari likapatikana. Raya alilia njia nzima, na maumivu hayakuwa sababu kubwa.

Hospitali, daktari, mama mmoja asiyezungusha maneno, akamuuliza, "Umetumia nini huko ndani?"

Raya kimya. Alikuwa ameapa.

"Binti, nisipojua nitakutibuje?"

Raya akageukia ukuta.

Hapo mlangoni akatokea Bi Msimu, anahema, amewafuata kwa miguu kutoka harusini. Akatazama benchi limejaa wanawake aliowafunda yeye mwenyewe. Akasema kwa sauti, "Shabu na moshi. Nilimpa mimi. Nimewapa wote hawa." Benchi zima likainamisha vichwa. Tangu siku ile hakuna harusi iliyomwita tena.

Jabiri akafika mwisho, manukato mbele. Daktari akamuuliza, "Na wewe, bwana? Huna tatizo?" Akatazama dari, lakini dari ya hospitali haikumsaidia. Akamwangalia mkewe anavyotetemeka, akakiri mbele ya wote: katika safari zake alikuwa na mwanamke mwingine, akarudi anaona moto akikojoa, akanunua vidonge duka la dawa akameza kwa siri, akanyamaza.

Daktari akamwambia Raya, "Ute peke yake si ugonjwa. Ukibadilika rangi, ukinuka vibaya, ukiwasha, au ukitokwa na damu si siku zako, njoo. Ukiwa na maumivu ya tumbo na homa, njoo siku hiyohiyo. Shabu haikukuletea ugonjwa huu, imekuchubua tu na kukuchelewesha. Ungekawia zaidi, ungeweza kukosa mtoto." Akawatibu mke na mume pamoja, akawakataza kulala pamoja mpaka wamalize dawa na wapone.

Raya akapona. Baadaye akazaa binti. Siku ya akika, watu wamekaa, wali umeiva, wakaja watatu kudai jina.

Bi Msimu akasema, "Aitwe Msimu. Nimevunja siri ya chumbani kwa ajili ya mama yake. Leo sina kazi, sina heshima."

Bi Chausiku akacheka. "Ulizima moto uliouwasha mwenyewe. Aitwe Chausiku. Bila mdomo wangu mngekuwa mnasoma hitima."

Jabiri akasema, "Mdomo huo ulimvua nguo mke wangu mbele ya mji, na ulijua siku zote ukanyamaza mpaka ukapata kipaza sauti. Aitwe jina la mama yangu. Nisingekiri mimi, angepona leo, kesho nikamwambukiza tena." Akasema hivyo kifua mbele, kana kwamba ameleta habari njema.

Raya akamtazama binti yake amelala. Akawaza siku ambayo mtoto huyu atakuja kumuuliza kuhusu ute wake wa kwanza, na jina gani litakuwa mdomoni mwake akimjibu.

Nanyi mliokaa hapa, mliojifunika mitandio tangu nilipotaja ute, na nyie wanaume mnaotazama dari, nijibuni kabla wali haujapoa: aliyefundisha vibaya akajivunjia heshima, aliyeokoa kwa kuaibisha, na aliyeambukiza akakiri, je, nani alistahili jina la mtoto?