Pilau ya Shukrani

Wahenga waliposema mwenye kovu usidhani kapoa, walikuwa wakituonya sisi tunaoliona kovu tukasahau kumuuliza mwenyewe.

Siti, muuza kanga wa Kariakoo, alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Matibabu makubwa yalipokwisha, daktari alimwachia kidonge kimoja cha kumeza kila siku kwa miaka mitano. Idrisa, mumewe, alisomesha dua ya shukrani na mtaa mzima ukala pilau ukashiba. Tangu siku hiyo, loo! Mgonjwa hakuwapo tena. Siti akisema mifupa inamuuma, Idrisa humjibu, "Mke wangu, tulishashukuru. Usikufuru." Akilowa jasho la ghafla linaloletwa na dawa, mawifi humcheka.

Hofu ya ugonjwa kurudi hakuwa na wa kumwambia. Mwishowe akaona haya hata kumeza dawa, asije akaonekana hana shukrani. Akaacha kimyakimya.

Siku ya kumi na mbili, Idrisa alimkuta dukani amejiinamia juu ya doti za kanga, analia kwa kwikwi. Mama Jeet, Mhindi mwenye duka la vifungo la jirani, alikuwa amemshika bega.

"Nimeacha dawa," Siti alisema. "Nimechoka kujifanya mzima."

"Lakini tulishashukuru!" Idrisa alisema.

"Shukuru tena, baba, nani kakukataza?" Mama Jeet alimkata kauli. "Mimi pia nilikatwa. Kwetu walivunja nazi hekaluni kushukuru, wakafurahi. Siku ileile nikameza kidonge changu, nikajifungia chooni nikalia. Miaka mitano, hakuna aliyeniuliza nimeamkaje."

Idrisa aliketi chini, palepale sakafuni. "Nisamehe, mama watoto. Nilijidai yamekwisha kwa sababu naogopa."

"Na mimi naogopa," Siti alisema.

Mchana uleule waliongozana kwa daktari, naye akamtaka aanze tena dawa siku hiyohiyo. Siku hizi kila asubuhi Idrisa humletea maji, humuuliza, "Umeamkaje?" na hungoja jibu. Kuna siku jibu ni machozi tu, naye hungoja vilevile na bilauri mkononi.

Juzi dada yake alimkuta katika kungoja huko, akashangaa. "Khe! Kwani huyu bado hajapona? Si tulikula pilau?"

"Tulikula, dada," Idrisa alimjibu. "Lakini mwenye kovu usidhani kapoa."