Maua Yaliyong'olewa kwa Upendo

Hii imfikie kila mwenye jirani.

Huko Tukuyu, kwenye mvua nyingi na migomba mingi, aliishi mama kijana aitwaye Tusekile. Mama yake mzazi alipofariki, nyumba ya kwao ilichukuliwa na ukoo. Tusekile hakuondoka na kitu ila mbegu za maua yaliyokuwa mlangoni kwa mama yake, mekundu yenye ncha za njano.

Ni maua ya kudumu. Yakishashika mizizi, huchanua mwaka hadi mwaka. Ila ukiyaotesha kwa mbegu, mwaka wa kwanza hutoa majani tu, tena majani yasiyo na uzuri wowote.

Tusekile alizipanda mbegu zote mlangoni kwake, hakubakiza hata moja. Ingawa alikuwa na mimba kubwa, alichuchumaa kwa shida kuimwagilia miche yake, akisema, "Mjukuu wa mama atayaona."

Akajifungua salama. Kama ilivyo desturi, majirani wakaja kumsaidia mzazi. Huyu kabeba uji, yule maji, mwingine kuni. Bibi Anyisile, wa nyumba ya pili, akaja na jembe.

"Wewe lala na mtoto," alisema. "Uwanja niachie mimi. Magugu yamefika mlangoni kama nyumba haina watu!"

Jioni Tusekile alipotoka nje, bustani ilikuwa nyeupe, udongo mtupu. Bibi alikuwa amelima kila kitu na kuondoka na takataka zote kwenye tenga.

Tusekile akaketi kizingitini, akalia. Mumewe, Ambakisye, akachemka.

"Naenda kumwambia sasa hivi!"

"Ukamwambie nini?"

"Kwamba ametuharibia! Mtu mzima hajui ua?"

"Baba Lusajo, bibi ana mgongo mbovu. Ameinama mchana kutwa kwa ajili yangu. Ukimwambia, hatalala. Na maua hayatarudi. Nenda ukamshukuru."

Ambakisye aliguna. Lakini akaenda, akashukuru.

Mwaka uliofuata, Lusajo akiwa anajifunza kutembea, Bibi Anyisile alipiga hodi. Mikononi alishika shina lenye udongo wake, limejaa maua mekundu yenye ncha za njano.

Tusekile akashika mdomo.

"Yameota yenyewe kwenye migomba yangu, pale ninapotupa takataka," bibi alisema. "Nikasema, mazuri hivi siwezi kukaa nayo peke yangu. Shina la kwanza nimeleta kwako. Sasa mbona unalia?"

"Mama yangu alikuwa na maua kama haya, bibi."

"Basi yamekufuata, mwanangu. Lete jembe."

Wakayapanda pamoja mlangoni. Bibi alipomaliza kushindilia udongo, akamnyooshea Tusekile kidole.

"Sikiliza vizuri. Yakiacha kuchanua yatabaki majani tu. Usiruhusu mtu ayaguse! Kuna watu wengine, wee, hawajui kutofautisha ua na gugu!"

Tusekile alicheka mpaka akakaa chini. Bibi naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

Funzo: Mtu akikuharibia kitu huku akikusaidia, tazama kwanza alikuja na nia gani. Ukimsamehe, unabaki na jirani, na mkono uleule uliokukosea unaweza kukurudishia ulichodhani kimepotea.