Nyeupe kwa Nani?

Wahenga waliosema kila ndege huruka kwa ubawa wake hawakuwahi kupanda baiskeli, sembuse kuiteremsha mlimani. Hata hivyo waliona mbali kuliko fundi mmoja ninayemjua, aliyekuwa na baiskeli kumi na mbili na akili timamu, lakini ikamlazimu kununiwa na mkewe karibu wiki nzima ndipo akaelewa walichomaanisha. Maana yenyewe si ngumu. Kila mtu ana kiasi cha uwezo wake, na anayempima mwenzake kwa uwezo wake mwenyewe humwonea, hata kama anampenda.

Fundi huyo aliitwa Breki. Jina hilo alipewa kwa mzaha, kama vile mwenye kipara anavyoitwa Manywele, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akishika breki. Karakana yake ilikuwa mwisho wa mtaa, pale lami inapokoma na mlima unapoanza. Upande mmoja zilining'inia baiskeli za kukodisha, zenye tairi pana za meno. Upande wa pili, nyuma ya pazia, mkewe alishona nguo. Yeye watu walimwita Bi Futi, kwa kuwa ile futi yake ya kupimia haikumtoka shingoni; hata sokoni alikwenda nayo.

Wageni waliokuja kupanda mlima kwa baiskeli walichagua njia kwa rangi. Breki ndiye aliyepaka mawe: meupe kwa wanaoanza, ya njano kwa waliozoea, mekundu kwa mabingwa. Kazi hiyo aliimaliza kwa siku moja, peke yake, kwa kanuni aliyojitungia. Njia ambayo hakukanyaga chini hata mara moja ni nyeupe; aliyokanyaga mara moja ni ya njano; zaidi ya hapo ni nyekundu. Sasa Breki, kwa jinsi alivyo, ungedhani alizaliwa ameshika usukani. Mlima mzima ukawa mweupe pe, isipokuwa vijia viwili tu. Wageni walioteremka wakichechemea aliwahurumia na kuwapaka dawa, na walipoondoka alisema watu wa siku hizi wana miguu ya tambi.

Kila Jumapili, kwa miaka kumi na miwili, alipanda peke yake hadi kwenye mwamba wa juu kabisa. Alirudi uso umemnawiri, akimsimulia mkewe mabonde na mawingu na sauti ya maporomoko ya maji chini ya miguu yake. Bi Futi alisikiliza huku akipiga pasi. Mwanzoni alifurahi naye. Baadaye akaanza kuona wivu, na wivu wa mlima ni mbaya kwa sababu mlima huwezi kuufuata kwake ukaugombeza. Ndipo akiwa na miaka arobaini na mitatu akaamua kujifunza baiskeli. Alianguka uani miezi mitatu, majirani wakacheka mpaka wakachoka wenyewe, hadi siku aliyolizunguka pipa la maji mara kumi bila kugusa ardhi. Breki akamuundia baiskeli yake mwenyewe, ya kijani. Bi Futi akamwambia sasa anataka kuona kile anachokiona yeye.

Breki alifurahi kupita kiasi, na hapo ndipo alipokosea. Alimchagulia njia ya mgongo wa mlima, inayopanda na kushuka hadi kwenye mwamba wake, nzuri kuliko zote, nyeupe mwanzo hadi mwisho. Alimwambia hata mtoto anapita.

Jumapili walitoka pamoja, na robo saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha njia ikabana: kulia ukuta wa mlima, kushoto kichaka, na baada ya kichaka hewa tupu. Mbele kulikuwa na ngazi za mawe. Breki aliziteremka kama maji, akampigia kelele kutoka chini aachie breki. Bi Futi hakuachia. Aliibana ya mbele kwa nguvu zake zote, gurudumu la nyuma likanyanyuka, akarushwa juu ya usukani na kutua kwa magoti na viganja.

Breki alipomfikia alimkuta amekaa chini, mkono wa blauzi umechanika, damu inamtoka gotini. Naye aliogopa, na mtu aliyeogopa akikosa la kusema husema la kijinga.

“Lakini hii ni nyeupe,” alisema.

“Nyeupe kwa nani?” Bi Futi aliuliza.

Walirudi wakikokota baiskeli, saa nzima.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi, na afadhali ungekuwepo. Bi Futi alipika, akashona, akajibu alipoulizwa. Siku ya pili yake aliitundika kofia yake ngumu kwenye msumari wa juu kabisa, akatangaza kwamba ile baiskeli ya kijani atampa wifi yake, dada yake Breki, aje kuichukua Jumamosi. Yeye na mlima basi. Miaka yote Breki alitamani wapande pamoja, hakuwahi kumwambia, na sasa tamaa hiyo ilibakiwa na siku tano. Alijaribu kumbembeleza kwa namna aliyoijua, akamwambia mara ya pili atazoea. Bi Futi akazidi kukanyaga cherehani.

Jumatano muuguzi mmoja aliyekodi baiskeli asubuhi alirudi kwa miguu, kiwiko kimechubuka, kutoka njia ileile. Aliuliza kwa upole kama kweli ni ya wanaoanza. Breki alimfunga bendeji, na alipoondoka akaanza wimbo wake wa miguu ya tambi. Pazia likafunguka.

“Mume wangu,” Bi Futi alisema, “miaka ishirini nashona. Sijawahi kumkatia mteja gauni kwa kujipima mimi.”

Akalirudisha pazia. Breki alibaki na bendeji mkononi. Aliwakumbuka wateja wote aliowacheka, mmoja mmoja, na aibu ikampanda hadi masikioni. Aliona wazi kwamba mawe yale hayakuwa yakisema njia ikoje. Yalikuwa yakisema Breki yukoje.

Alhamisi alifunga karakana. Alimwomba mkewe futi, naye akaivua shingoni bila kuuliza ya nini. Breki akapanda mlima kwa miguu, mara ya kwanza tangu ujana wake, akipima. Kile alichozoea kukiita kijiwe kilimfika gotini. Pale alipodai pana nafasi tele, palikuwa na sentimita arobaini. Alipaka nyekundu juu ya nyeupe, jiwe baada ya jiwe, mpaka kopo likakauka. Kisha akaenda kwenye njia ambayo hakuwahi hata kuipaka rangi, barabara ya zamani ya kuteremshia magogo, inayouzunguka mlima kwa mbali. Alikuwa akiidharau sana, akiiita njia ya mikokoteni. Aliipima yote hadi jua likashuka.

Ijumaa aliweka karatasi juu ya meza ya kushonea. Upana wa njia, mita mbili kila mahali. Mwinuko mrefu kuliko yote, dakika nne. Mawe yaliyolegea, mahali pawili, ushuke utembee. Urefu wa kwenda, kilomita sita. Bi Futi aliisoma kama asomavyo vipimo vya bibi harusi, kidole kikifuata mstari. Pale paliposema ushuke utembee alirudia mara mbili.

“Nikishuka hutanicheka?”

“Nitashuka na mimi.”

Bi Futi aliikunja karatasi. Kisha akamwambia kesho asubuhi na mapema, na Breki akae nyuma.

Kukaa nyuma kulimlazimu Breki kushika breki. Zilikuwa hazijafanya kazi miaka mingi, basi zilipiga yowe kila kona, na Bi Futi akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Penye mawe ya kwanza alishuka, akatembea, akapanda tena. Pa pili alisimama akapatazama, akashuka vilevile, na mumewe akashuka nyuma yake. Kwenye mwinuko alihema, gia ikamgomea, akaitafuta akaipata, na dakika nne zikaisha kama karatasi ilivyosema. Hapo ndipo alipoanza kuiamini njia, na mabega yake yakalegea.

Kwenye kona ya mwisho miti iliachana. Mbele yao kulikuwa na maporomoko yote, kuanzia kwenye mwamba wa juu kabisa hadi bwawani, na upepo ukawaletea matone usoni. Bi Futi aliiegemeza baiskeli yake mtini, akatazama kwa muda mrefu.

“Haya ndiyo uliyokuwa ukinisimulia?” aliuliza.

Breki alitazama juu. Miaka kumi na miwili alikuwa akisimama kwenye mwamba ule na kusikia maji chini ya miguu yake, na ukiwa kule juu maji hayaonekani. Machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha.

“Hapana,” alisema. “Haya sijawahi kuyaona.”

Waliporudi, wifi alikuwa uani amekaa juu ya tairi, amechoka kusubiri, akiuliza baiskeli yake iko wapi. Bi Futi hakuitoa. Aliichukua futi yake, akamwambia wifi asimame wima, akampima kutoka nyonga hadi kisigino. Breki atamuundia nyingine ya kimo chake, alisema, ila kwanza alizunguke pipa la maji mara kumi.

Pipa hilo sasa ndilo mlango wa mlima. Hakuna mgeni anayechaguliwa njia kabla ya kulizunguka. Jumapili Breki bado hupanda mwamba wake peke yake, na Bi Futi wala hatamani kumfuata. Jumamosi hupita pamoja barabara ya magogo, mke mbele. Na ukimuuliza Breki njia ipi ni rahisi, hajibu papo hapo. Huuliza kwanza ni nani anayekwenda, kwa maana amekwisha kujua kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake.