Kalunguyeye wa Freni na Majina Yake Mawili

Kaeni, tena kaeni vizuri, maana hii siisemi mara mbili.

Zamani, katika Uajemi ya kale, kila mnyama alikuwa na jina moja tu. Ampendaye na amchukiaye walimwita vilevile. Kalunguyeye, huyu mwenye miiba mgongoni, aliitwa Vanghapara, na watu wale walimhesabu katika ukoo wa mbwa. Ndiyo, mbwa! Msinicheke. Alizunguka maghala ya shayiri akila sisimizi wezi wa nafaka, na kwao kila mlinzi wa mali ya watu alikuwa mbwa. Na mbwa hapigwi. Kabla watu hawajala, yeye kwanza alimegewa kipande chake cha mkate.

Basi kijiji kimoja kilikuwa na mkuu aliyeitwa Bagadata. Desturi yao ilikuwa kwamba anayeua viumbe waharibifu hupata thawabu, na wazee walitembea na fimbo kwa kazi hiyo. Bagadata alizipenda thawabu, kazi hakuipenda. Nge wanauma. Nyoka wana mbio. Sisimizi wanataka mtu ainame, naye alikuwa na kitambi. Akamwona kalunguyeye: mpole, mwendo wa pole, ukimtisha anajikunja palepale. Lo, thawabu ya bure hiyo! Lakini angempigaje mbwa mbele za watu? Akaanza na jina. "Huyu si Vanghapara," akatangaza. "Huyu ni Duzhaka, kiumbe mharibifu wa giza." Na watu mnawajua, wakaitikia. Jina likaingia midomoni, fimbo zikafuata, na kalunguyeye wa watu wakauawa ovyo.

Akabaki wa Freni. Huyu alikuwa mjane, na chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa katika ghala moja la udongo. Kalunguyeye alilala chini ya ghala lile, na bila yeye sisimizi wangemwachia Freni makapi. Jioni moja Bagadata akaja na fimbo yake, umati nyuma.

"Mtoe huyo Duzhaka, mama."

"Simjui mwenye jina hilo, mzee wangu."

Mashemeji zake wakamsihi: "Freni, ni neno tu. Litamke, yaishe." Ati neno tu! Kalunguyeye wenzake wote walikwisha kuuawa kwa neno hilohilo, nao wanasema neno tu!

Freni hakulitamka. Aliingia ndani, akatoka na mkate wake wa jioni, akaumega mbele yao. Kipande cha kwanza akakiweka chini. Kalunguyeye akachungulia, akaja, akala. Fungu la mbwa limeliwa, mashahidi tele.

"Haya, piga," Freni akasema. "Lakini ujue unampiga mbwa wa nyumba hii. Adhabu ya muua mbwa unaijua wewe, maana ndiwe unayewahukumu wengine."

Bagadata aliishusha fimbo. Ila alikuwa na kiburi, hakukubali kulimeza neno lake. Kwa kuwa mnyama alimshinda, akamgeukia mwenye mnyama: akaifuta zamu ya Freni ya maji ya mfereji. Mama wa watu akamwagilia shayiri yake kwa mtungi, msimu mzima, shingo ikimuuma. Na kila alipopita mbele ya nyumba ya mkuu, mtungi kichwani, alipaza sauti kwa makusudi: "Vanghapara! Vanghapara wangu!" Bagadata naye akajibu kutoka ndani, "Duzhaka!" Majirani wakachoka kukaa kimya. Mmoja akaitikia la Freni, mwingine la mkuu, hata kijiji kizima kikagawanyika, na vijiji vya mbali vikafuata.

Wote wawili walikufa bila kuridhiana. Na tangu hapo, katika lugha zile za kale, mnyama mmoja akawa na majina mawili, moja la wanaotaka aishi na moja la wanaotaka afe, na hakuna aliyeweza kumtaja bila kwanza kusema yuko upande wa nani.