Dijei wa Mgungani

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitika kama mliokula jana? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, wakubwa na wadogo, tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Digidigi alitumwa kutafuta dijei. Mdogo wake alikuwa anaolewa Jumamosi. Wengine walipewa kupika, wengine kupamba. Yeye, kwa kuwa alipenda kuuliza mpaka mwisho wa jambo, akapewa dijei.

"Angalia sana, mwanangu," mama yake akamwambia. "Unajua mila ya wakwe zetu. Bibi harusi hakanyagi uwanja ulio kimya. Akifika mlangoni asikute muziki, anarudishwa kwao mpaka masika mengine."

Digidigi akatoka mbio. Ndu! Ndu! Ndu!

Akaenda. Akavuka korongo. Kwa mbali akasikia: zriiii! zri-zri-zriiii! Miguu yake yote minne ikaanza kucheza bila kuulizwa.

"Nani huyu?" Akasogea. Akasogea. Akafika chini ya mgunga. Kimya! Akarudi nyuma. Zriiii! Akasogea tena. Kimya!

"Hodi!"

"Karibu, dada," ikajibu sauti ndogo kutoka kwenye gome. Alikuwa Nyenje, mwenyewe hazidi kokwa ya ukwaju.

"Nyimbo za taratibu unazo?"

"Ninazo."

"Za kuchangamka?"

"Tele."

"Ya kumwingiza bibi harusi?"

"Hiyo kaisikilize ng'ambo ya korongo."

Digidigi akaenda ng'ambo, akasikiliza. Tamu! Machozi yakamlengalenga. Wakapatana.

Lakini kwa nini hunyamaza mtu akikaribia? Swali hilo likamwasha ulimini kama pilipili. Akaona haya. "Nisije nikamuudhi fundi." Akalimeza. Usiku likamwasha tumboni.

Jumamosi ikafika. Nyenje akapanda mti wa katikati ya uwanja. Wageni nao wakaja, pu! pu! pu! Wote wakajazana chini ya mti wamwone dijei, Tembo mbele yao. Bibi harusi akafika mlangoni.

Kimya.

"Dijei kalala!" Nyani akapiga kelele. "Mpelekeeni kahawa!"

Wageni wakaangua kicheko. Shangazi wa bwana harusi hakucheka. "Mila ni mila," akasema. "Mgeuzeni."

Digidigi akakimbilia mtini. "Kaka Nyenje, kuna swali nililimeza. Kwa nini unanyamaza?"

"Dada yangu, ardhi ikitikisika naona anakuja wa kunila. Sauti ya kuimba inakauka yenyewe. Si kiburi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Digidigi akawageukia wageni. "Rudini nyuma! Nyuma kabisa! Na mtu asichezeshe mguu!"

"Harusi bila miguu?" Tembo akauliza. "Sasa mimi nitacheza na nini, mjukuu wangu?"

"Kwani masikio hayo, babu, ni ya kufukuzia nzi tu?"

Tembo mwenyewe akacheka. Akarudi nyuma, nyata, nyata. Wote wakamfuata. Wakatulia. Hata Nyani akakalia mkia wake.

Shangazi alikwisha kumshika bibi harusi bega.

Zri...

Mkono wa shangazi ukasita.

Zri-zri... zriiii! zri-zri-zriiii!

Bibi harusi akaingia. Nyayo zake nyepesi kama jani linaloanguka, ardhi haikupata habari. Tembo akacheza kwa masikio: pwaa, pwaa. Twiga akacheza kwa shingo. Nungunungu akacheza kwa miiba: chaka-chaka. Nyani akacheza kwa nyusi, na shangazi, aliyekataa kucheza, mabega yakamsaliti. Tangu ardhi iumbwe haikuonekana ngoma kama ile.

Asubuhi yake, vyombo vya harusi havijaoshwa, Digidigi akavuka korongo. Hakuuendea mti. Akasimama mbali.

"Kaka Nyenje! Nikae wapi?"

"Sogea, dada. Polepole. Kidogo tena. Hapo hapo."

Akaketi. Na safari hii, akiwa karibu kiasi cha kuyaona mabawa yakitetemeka, Nyenje akaimba.

Basi jamani: ukimtafuta fundi, usimuulize anachojua tu. Muulize na anachohitaji ili akifanye.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mgunga. Anayetaka kuisogelea, asije na kishindo.