Majirani Wawili wa Nyumba ya Bi. Mwantumu

Kisa hiki nimetumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa. Ukikimaliza, mpelekee jirani yako akisome, hasa yule mliyeacha kusalimiana.

Katika mji mmoja mkubwa palikuwa na nyumba ndefu ya vigae, iliyogawanywa katikati kwa ukuta. Upande mmoja alipanga Mwalimu Anthelm Lubango, aliyefundisha fizikia sekondari, pamoja na mkewe Perpetua. Upande wa pili alipanga Hizza Semkiwa, mfamasia wa hospitali, pamoja na mkewe Zaituni. Mwenye nyumba alikuwa mjane aitwaye Bi. Mwantumu, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akiishi kwa binti yake mtaa wa jirani.

Watu hawa hawakuwa maskini, wala hawakuwa matajiri. Walikuwa wale ambao mtaani husemwa wana kazi zao. Kila familia ilikuwa na gari dogo. Watoto walisoma shule za kulipia. Watoto wenyewe hawakujua mpaka wa nyumba uko wapi. Walikula popote walipokuta chakula kimeiva. Krismasi, pilau alipika Zaituni. Idi, maandazi alikaanga Perpetua.

Kisha maisha yakaanza kubana. Hayakubana kwa siku moja. Mafuta ya kupikia yalipanda bei, watu wakalalamika, wakazoea, yakapanda tena. Unga ukafuata. Karo ikafuata. Mishahara ikabaki palepale.

Mwalimu Lubango alikuwa na kiwanja pembeni ya mji, ameshajenga msingi. Kila alipoweka akiba ya saruji, saruji ilipanda. Mwishowe nyasi zikaota juu ya msingi, naye akaacha kwenda kuutazama. Akauza gari. Majirani walipomwona anatembea, aliwaambia daktari amemshauri afanye mazoezi. Hizza naye aliwahamisha watoto wake kwenda shule ya serikali, akasema ile ya zamani ilikuwa mbali mno.

Kila mmoja aliujua ukweli wa mwenzake. Na kila mmoja alimsitiri mwenzake kwa kutouliza.

Siku moja Bi. Mwantumu aliwaita wote wanne barazani.

"Wanangu," akasema, "miguu yangu imechoka na matibabu ni ghali. Nataka kuiuza hii nyumba. Madalali wameshaanza kunipigia hodi. Lakini ninyi mmekaa na mimi vizuri, nawapa nafasi ya kwanza. Mmoja wenu peke yake hataiweza, nalijua hilo. Mkiungana, mtaiweza. Nitawangoja mpaka uchaguzi upite."

Walikaa chini wakapiga hesabu. Wakikopa wote wawili kwenye chama chao cha akiba na mikopo, na Mwalimu akauza kile kiwanja, iliwezekana. Ingekuwa taabu kwa miaka mingi, lakini hakuna ambaye angewapandishia kodi tena. Zaituni alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Jioni ile walikula sahani moja, wakabishana nani atachukua chumba cha kona.

Sasa, wakati ule ulikuwa msimu wa kampeni. Wagombea wakubwa walikuwa wawili. Mheshimiwa Sangula alikuwa wa chama kinachotawala. Mheshimiwa Ndayeza alikuwa wa upinzani. Ulitangazwa mjadala katika ukumbi wa mji: kwa nini mfanyakazi aliyekuwa akijiweza zamani leo hajiwezi? Mwalimu na Hizza wakaenda pamoja.

Sangula alisema uchumi unakua. Alitaja barabara, madaraja na umeme. Alisema wanaolalamika ni watu wasiojua kupanga matumizi.

Ndayeza alipiga meza. Alisema serikali imewala wafanyakazi wakiwa hai. "Mtu aliyejenga kwa mshahara wake miaka ile," akasema, "mtoto wake leo hawezi kupanga hata vyumba viwili. Nani amemnyang'anya nyumba yake?"

Mwalimu alisimama akapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Hizza, ambaye yeye na baba yake walikuwa wa chama cha Sangula tangu zamani, alibaki ameketi.

Njiani kurudi, Hizza alisema, "Unampigia makofi mtu wa kelele."

"Na wewe unampenda aliyetufikisha hapa," Mwalimu akajibu.

"Hapa tumefikishwa na bei za dunia. Msomi kama wewe unapaswa kulijua hilo."

"Na mfamasia kama wewe unapaswa kujua kuwa mgonjwa haponi kwa kuambiwa kwamba ni mzima."

Kama maneno yangeishia njiani, yasingedhuru. Lakini waliyaendeleza kwenye kundi la simu la mtaa, mbele ya watu wote. Mwalimu aliandika kwamba wapo wanaowatetea wezi kwa kuwa wanasubiri makombo. Hakutaja jina, ila kila mtu alielewa. Hizza akajibu, naye akataja jina. Aliandika kwamba Mwalimu Lubango asiwafundishe watu uchumi, kwa maana ameshindwa hata kubaki na gari lake, na habari ya mazoezi ni ya uongo.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama jikoni. Aliiweka simu juu ya meza taratibu. Siku iliyofuata wanafunzi wawili walimwuliza kama afya yake inaendelea vizuri, wakacheka.

Tangu hapo salamu zikakatika. Watoto waliitwa ndani. Perpetua na Zaituni waliendelea kuzungumza kwa sauti ya chini wakianika nguo, kila mmoja akichungulia mlango wake.

"Baba Deo," Perpetua alimwambia mumewe, "Bi. Mwantumu anangoja jibu. Nenda kaongee na Hizza."

"Yeye ndiye aliyenivua nguo mbele ya watu. Aje yeye kwanza."

Upande wa pili wa ukuta, Zaituni naye alimsihi wa kwake.

"Nitanunuaje nyumba na mtu aliyeniita mla makombo?" Hizza akauliza. "Tutaishije?"

"Tutaishi kama tulivyoishi miaka yote," Zaituni akamjibu. Hakusikilizwa.

Kila mwanaume akajaribu peke yake, kwa siri. Mwalimu alikwenda kuomba mkopo mkubwa, akaambiwa mshahara wake haubebi. Hizza alimwendea mjomba wake mfanyabiashara, akarudi na soda aliyonyweshwa tu.

Uchaguzi ulifika ukapita. Sangula alitangazwa mshindi. Ndayeza alisema kura zimeibwa. Hizza alicheza muziki kwa sauti kubwa siku nzima, na Mwalimu akafunga madirisha. Bei ya unga iliendelea kupanda kwa wote wawili.

Bi. Mwantumu alisubiri hata zaidi ya alivyoahidi. Alipokuja, alikuja akikokota miguu, akishikwa mkono na bintiye.

"Nimewangoja," akasema. "Kila nikiuliza, mnaniambia bado. Nimeuza."

Kisha akageuka, akaondoka na bintiye.

Wanunuzi walifika asubuhi ya Jumamosi. Lilikuja gari moja refu jeusi, na wapangaji wote wakatoka nje kuwapokea. Mlango wa kwanza ukafunguka, akashuka Mheshimiwa Sangula. Mlango wa pili ukafunguka, akashuka Mheshimiwa Ndayeza. Walikuwa wakicheka jambo walilolianza ndani ya gari. Ndayeza alimshika mwenzake bega, akamwonyesha mahali ambapo lango litakaa.

Mwalimu alimsogelea. "Mheshimiwa," akasema, "ukumbini uliuliza nani amemnyang'anya mfanyakazi nyumba yake."

"Niliuliza, mwalimu wangu," Ndayeza akajibu kwa upole. "Na uchaguzi ujao nitauliza tena."

"Na huyu uliyemwita mlaji wa watu?"

Sangula ndiye aliyejibu. "Sisi tumekaa dawati moja tangu shule. Tumeshanunua viwanja vingi pamoja. Pale ukumbini ni siasa, ndugu yangu. Hapa ni biashara. Msichanganye."

"Na sisi wapangaji?" Hizza akauliza.

"Tunabomoa. Hapa panapanda ghorofa, vyumba vya kisasa kabisa. Mkitaka kurudi, mtafikiriwa kwanza." Sangula akawatajia kodi ya mwezi. Ilizidi mshahara wa Mwalimu.

Hizza akatoa simu, akawaonyesha picha yake akiwa amevaa kofia ya chama. "Mheshimiwa, mimi ni mtu wako. Nilikupigia kampeni mtaa huu wote."

"Nashukuru sana," Sangula akasema, akampa mkono. Kisha akamgeukia fundi waliyekuja naye, wakaanza kupima uwanja.

Gari lilipoondoka, majirani wale wawili walijikuta wamesimama karibu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukumbini.

"Anthelm," Hizza akaita.

"Naam."

"Tulikuwa tunaiweza."

"Tulikuwa tunaiweza," Mwalimu akasema.

Kisha akaingia ndani kufunga vitabu.

Hizza aliihamishia familia yake nje kabisa ya mji, akawa anatoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wamelala. Mwalimu alipata chumba kimoja na kistoo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kabati la harusi la Perpetua halikupita mlangoni, likauzwa palepale kwenye mkokoteni.

Mwanzoni walipigiana simu. Baadaye simu zikapungua. Safari hii hapakuwa na hasira. Nauli ilikuwa ghali, na kila mmoja alikuwa amechoka. Zaituni alipojifungua mtoto wa mwisho, Perpetua alipata habari mtoto akiwa ameshaanza kukaa.

Uchaguzi mwingine umefika. Wiki iliyopita ulifanyika mjadala katika ukumbi uleule, juu ya kupanda kwa gharama za maisha na uhaba wa nyumba. Wazungumzaji walikuwa walewale wawili. Mwalimu hakwenda, na nasikia Hizza naye hakwenda. Hata hivyo ukumbi ulijaa, na watu walirudi makwao wakitukanana njia nzima.

Funzo: Hao wanaokufanya umchukie jirani yako, wao wenyewe hawachukiani; kabla hujamvunjia mtu heshima kwa ajili yao, jiulize mjadala ukiisha utabaki unaishi na nani.