Kokwa Saba za Mgbafo

Jumapili ni ya aliyeihesabu. Mmemsikia Mama Nwakaego, mpishi wetu, akimwambia hivyo mwenyekiti wa kamati ya jubilei, mwiko mkononi, na mwenyekiti akatoka jikoni bila kuaga. Mmecheka, kisha ninyi wanakwaya mmekuja kwangu kuuliza maneno hayo yametoka wapi, kwa sababu marehemu mke wangu alikuwa kitukuu cha mwanamke aliyeyafanya yasemwe. Haya, kaeni. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini hili nalijua kuliko wale wenye tai.

Mambo yaliharibika siku ya Eke, siku ya soko, umande ulipokwisha kukauka, siku ya kumi na tatu tangu Padri wa kwanza aondoke misheni ya mtoni kuja hapa kwetu Umuchara. Siku hiyo Padri alifungua daftari lake mbele ya kijiji kizima akasema, "Leo ni Ijumaa." Kwa neno hilo moja karibu atuvunjie kanisa kabla halijawa kanisa.

Kabla yake hapakuwa na padri hapa, wala katekista, wala msalaba ukutani. Palikuwa na Mgbafo, mfinyanzi wa vyungu. Alikuwa amekwenda mtoni kuuza vyungu, mtoto wake akashikwa na ugonjwa huko, akakaa misheni miezi miwili. Aliyemfundisha dini hakuwa mzungu. Alikuwa mpishi wa misheni, mtu mweusi kama sisi, akimfundisha huku anamenya viazi vikuu. Alimpa sala tatu na wimbo mmoja. Siku ya kuagana akamwambia, "Siku sita fanya kazi, ya saba mpe Mungu. Lakini angalia, dada yangu. Huko kwenu ukiipoteza siku hiyo, hutaipata tena, maana hakuna wa kumuuliza."

Hapo palikuwa na shida kweli. Siku zetu, kama mjuavyo, ni nne: Eke, Orie, Afo, Nkwo, kisha inarudi Eke. Saba hatukuwa nayo. Mgbafo akaokota kokwa saba za mchikichi, akachukua vibuyu viwili. Kila alfajiri alihamisha kokwa moja kutoka kibuyu hiki kwenda kile. Ya saba ikihama, hashiki udongo siku hiyo.

Watu wakamwita Mama Kokwa. "Mama Kokwa, Mungu wako leo amefika ya ngapi?" "Mama Kokwa, ukijikwaa ukazimwaga, dunia itasimama?" Yeye alicheka nao. Lakini kila Jumapili ya nne iliangukia Eke, siku ya soko letu, na siku hiyo vyungu vyake vilibaki nyumbani huku wenzake wakiuza. Watu wakaanza kujiuliza, ni jambo gani hili la kumfanya mfinyanzi aache soko? Akaja mmoja, wakaja watatu. Mwaka wa nne walikuwa thelathini na sita, wengi wao wanawake.

Wakaomba kiwanja cha nyumba ya sala. Ezeobi, mkuu wa kijiji, hakuwa mtu wa dini hiyo, ila hakuwa mchoyo. Akawaambia, "Jengeni. Lakini siku mwenye mambo haya atakapokuja mwenyewe, akisema mmekosea, nitaibomoa, na miti yake nitajengea zizi la mbuzi." Mgbafo akakubali. Akakandika ukuta kwa mikono yake, udongo uleule wa vyungu.

Ndipo siku hiyo ya Eke Padri Anselmi akafika, amebebwa kwenye machela, ndevu nyekundu, macho yameingia ndani kwa homa. Njia imejaa watu wa soko. Akawakuta wale thelathini na sita wameketi wamevaa nguo safi, wanaimba wimbo wao mmoja. Akamuuliza Okonta, kiongozi wa wapagazi wake, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkalimani, "Wanafanya nini hawa?"

"Wanasema leo ni Jumapili."

Padri akafungua daftari. "Leo ni Ijumaa. Waambie waende mashambani. Wamekuwa wakihesabu kwa masoko ya mashetani, ndiyo maana wamepotea. Nitaleta katekista mwenye kalenda. Mpaka hapo wasikusanyike."

Okonta akatafsiri. Ezeobi alikuwa hapo, anapeleka mbuzi sokoni. Akaangua kicheko.

"Mgbafo! Miaka minne unatunyima vyungu siku ya soko, kumbe mwenye siku mwenyewe haitambui? Mbuzi wangu, shukuru, umepata nyumba!" Akawaita vijana wake. Wawili wakapanda juu, wakaanza kung'oa majani ya paa.

Mgbafo aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na vibuyu vyake viwili, akakaa chini mbele ya machela.

"Muulize," akamwambia Okonta, "amewahi kuugua?"

Padri akasema, "Muulize yeye. Miaka minne, mwanamke mmoja, kokwa kibuyuni. Hakuugua hata siku moja? Hakusahau?"

"Niliugua," Mgbafo akajibu. "Nilizaa pia. Na yule mtoto niliyemuuguza kwenu mtoni, alifia hapa nyumbani, alfajiri. Asubuhi ile nilihamisha kokwa kwanza, kisha nikalia."

Vijana kule juu ya paa wakaacha kung'oa. Okonta akatafsiri.

"Sasa wewe, Okonta, nijibu mwenyewe, usimuulize yeye. Mliondoka mtoni siku gani?"

"Nkwo. Kesho yake baada ya Misa."

"Na yeye siku hiyo anaiitaje?"

"Jumatatu."

"Nkwo ya pili mlikuwa wapi?"

"Kwenye kivuko, tunagombana na mwenye mtumbwi."

"Ya tatu?"

Okonta akamtazama Padri, akatazama chini. "Ya tatu Padri alikuwa na homa."

"Ya nne?"

"Jana, mama. Jana tu, tulipita katikati ya soko la Nkwo."

Mgbafo akaanza kupanga kokwa mchangani, moja moja, huku wanawake wa soko wakihesabu naye kwa sauti, maana masoko hakuna mwanamke wa kwetu anayeyasahau. Kutoka Nkwo ya kwanza hadi ya nne, siku kumi na mbili. Na leo Eke, ya kumi na tatu. Akaanza tena kwa majina ya siku za Padri, Okonta akimtajia: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kokwa zikaisha, akazirudia. Jumatatu ya kuondoka ikawa kokwa ya kwanza, na leo, siku ya kumi na tatu baada yake, ikaangukia kokwa ya saba.

Padri akahesabu daftarini kwa kidole. Kumi na moja.

"Nililala usiku mmoja tu," akasema.

"Padri," Okonta akasema polepole, "ulilala siku tatu. Tulikumwagia maji. Ulikuwa unamwita mama yako. Ulipoamka ukaandika siku moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Okonta alipowatafsiria hayo, soko zima likacheka, na mbuzi wa Ezeobi akakata kamba akakimbia. Hapo Mgbafo akamwambia Padri maneno ambayo mke wangu alikuwa akiyarudia kila Eke: "Hizo nne unazoziita za mashetani ndizo zilizozilinda saba zako. Na wewe leo umewatwika watu mizigo siku ya Mungu."

Siwezi kusema uongo, hata kama viongozi siwapendi. Padri yule alishuka kwenye machela kwa miguu yake. Akavua kofia. Akaongeza mistari miwili daftarini, siku mbili alizozipoteza. Kisha akasema, "Wapagazi watue mizigo. Leo ni Jumapili." Akasali Misa hapohapo, chini ya tundu la paa lililong'olewa.

Ezeobi alisimama mlangoni, hakuingia. Misa ilipokwisha, akawaamuru vijana wake warudishe majani ya paa, kila jani mahali pake. Kisha akamwambia Padri, "Mgeni, wewe umeileta Jumapili ndani ya daftari, ukaidondosha njiani. Jumapili ni ya aliyeihesabu."

Maneno hayo yakaenda sokoni siku hiyohiyo, na soko lina miguu mingi. Vijiji vya jirani vikatuma watu kumuuliza Mgbafo siku ni ipi, naye aliwafungia kokwa saba kwenye jani, akawaonyesha ya kuanzia. Makanisa yote mnayoyaona kutoka hapa hadi bonde la pili yalianza kwa kokwa zile, siyo kwa meli ya mzungu. Mkiimba kwenye jubilei, imbeni vifua mbele.

Zile kokwa za kwanza, zake mwenyewe, Padri alimwomba Mgbafo, mama yule alipozeeka, zikawekwa kwenye kopo ndani ya sakristia, chumba cha mavazi ya padri. Mke wangu Ugoye alifagia kanisa lile miaka thelathini na mmoja, na kila Jumamosi alilifuta kopo lile vumbi. Alipofariki, viongozi waliniambia mazishi yangoje siku tatu, kwa kuwa askofu anakuja na uwanja unapakwa chokaa. Mtu wa ukoo uliotunza siku, akanyimwa siku. Nikangoja. Baada ya mazishi niliingia sakristia nilitazame lile kopo. Wamepaka rangi mpya, wameweka kabati la vioo na jiwe la marumaru lenye majina ya maaskofu na wenyeviti. Kopo halipo.

Nimemuuliza mwenyekiti, akasema nimuulize katibu. Katibu akasema nimuulize paroko. Paroko akasema yeye ni mgeni hapa.

Basi, Jumapili ni ya aliyeihesabu. Sasa mnajua maneno hayo yalikotoka, na mkiyasema msiyaseme kwa kunong'ona. Lakini kokwa saba za Mgbafo, ni nani aliyezitupa?